Daftari la Miche Iliyokufa

Jioni moja, kwenye baraza ya msikiti wa mtaa wetu, mzee mmoja anayenijua tangu nikiwa mtoto wa chuo cha Kurani aliniuliza ninafanya kazi wapi siku hizi. Nilimjibu kwamba ninatunza hesabu za shirika dogo linalolinda mito. Aliweka chini kikombe chake cha kahawa, akanitazama kwa huruma ambayo watu humwekea aliyetapeliwa, kisha akasema, "Mto gani, mwanangu? Mombasa ina mto?"

Swali lake lilikuwa la haki. Kisiwa chetu hakina mto. Mtu aliyezaliwa Majengo au Kibokoni amezungukwa na maji tangu utotoni, lakini maji hayo huyaita bahari, hata pale yanapoingia bara kwa kilomita kadhaa na kuwa membamba kiasi kwamba aliye ng'ambo anaweza kuitwa akasikia. Maji ya kunywa nayo hatuyaoni yakitoka mtoni, kwa kuwa hutujia kwa mabomba kutoka chemchemi za Mzima kule Tsavo, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa, na kutoka visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, na Marere, na Tiwi. Kwa mtu wa Mombasa mto ni kitu cha mbali ambacho mwisho wake ni mfereji, na mfereji wenyewe mara nyingi huwa mkavu.

Nilimweleza kwamba hori la Tudor, yaani ule mkono wa bahari tunaouvuka kwenye daraja la Nyali, huzunguka kisiwa na kuingia ndani hadi Mikindani, Jomvu na mpaka wa Rabai, na huko juu hupokea maji ya mito miwili, Kombeni na Tsalu, inayoteremka kutoka upande wa Mariakani. Upande wa pili wa mji, hori la Port Reitz hupokea Mto Mwache na mingine ya Kwale. Hii ni mito ya msimu. Wakati wa kiangazi mtu huvuka Kombeni bila kuvua viatu, na masika yakikolea mto huo huo hubeba mti mzima pamoja na mizizi yake. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akanywa kahawa yake, akasema, "Kumbe mnazuia matope ya watu wa juu yasitufikie." Nimesoma maandiko mengi ya miradi tangu siku hiyo, na sijaona lililosema jambo hilo kwa ufupi zaidi, ingawa baadaye nilikuja kujua kwamba watu wa juu nao wana maneno yao juu yetu.

Niliingia katika kazi hii bila kuikusudia. Kwa miaka mingi nilikuwa karani wa hesabu katika kampuni moja ya uwakala wa forodha karibu na bandari. Reli mpya ilipoanza kubeba makasha mwaka 2018, na mizigo mingi ikawa inapelekwa moja kwa moja Nairobi ili ikaguliwe na kutolewa huko, ofisi kama yetu zilianza kupunguza watu, na zamu yangu ikafika. Nilikaa nyumbani kwa muda ambao sipendi kuukumbuka, hadi binamu yangu aliponiambia kwamba kuna shirika Mikindani linatafuta mtu wa kupanga stakabadhi kwa miezi mitatu. Miezi mitatu hiyo haijaisha mpaka leo.

Ofisi ni vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo mikutano yetu yote hunuka saruji na rangi ya mafuta. Tupo wafanyakazi sita. Mkurugenzi ni mwalimu mstaafu ambaye siku zake nyingi hupotea katika kuandika barua, na sitamzungumzia sana, kwa sababu yeye mwenyewe hapendi na kwa sababu ndiye anayetia saini mshahara wangu.

Ninayetaka kumzungumzia kwanza ni mama anayesimamia kitalu cha mikoko. Ofisi nzima humwita Ma'mkubwa, hata mkurugenzi ambaye amemzidi umri. Ni mzaliwa wa Jomvu Kuu, na kabla ya kuja kwetu alinunua kamba kutoka kwa wavuvi wa hori na kwenda kuwauza kamba hao soko la Kongowea, kazi iliyomfundisha kupiga hesabu kichwani haraka kuliko mimi na kikokotoo changu. Katika wiki yangu ya kwanza nilimwomba kumbukumbu za kitalu ili nizilinganishe na matumizi ya fedha. Alinipa daftari la jalada gumu ambalo kurasa zake zilikuwa zimevimba kwa maji ya chumvi. Nilitarajia kuona idadi ya miche iliyopandwa, kwa kuwa ripoti zote nilizokuwa nimezikuta kabatini zilijaa idadi hiyo. Nilichokuta ni safu tano zilizopigwa mistari kwa rula: tarehe, mahali, iliyopandwa, iliyo hai, na ya tano, iliyokuwa pana kuliko nyingine zote, imeandikwa "Kilichoiua".

Safu hiyo niliisoma kama mtu anavyosoma daftari la wodi. Kaa. Mchanga. Plastiki. Mbuzi. Wimbi. Gamba, yaani vile vijigamba vigumu vinavyojibandika kwenye shina la mche hadi likalemewa na kuinama. Na mara kwa mara: mtu. Baada ya neno "mtu" Ma'mkubwa alikuwa ameongeza neno la pili, akaandika mtu-kuni, mtu-mashua, mtu-hasira. Nilimwuliza maana ya mtu-hasira. Akanieleza kwamba kuna sehemu upande wa Mikindani ambapo majirani wawili waligombania ufuo, na mmoja wao alipoona shirika limepanda miche mbele ya uwanja wa mwenzake alidhani ni alama ya mpaka, akaja usiku akaing'oa yote na kuilaza kwa mpangilio, mmoja kando ya mwingine.

"Lakini Ma'mkubwa, kwa nini unahesabu iliyokufa?"

"Iliyo hai itajionyesha yenyewe," alijibu. "Hii nyingine nisipoiandika, mwakani tutakuja kuipanda pale pale."

Ilinichukua karibu mwaka mzima kuelewa kwamba katika sentensi hizo mbili alikuwa amenipa maelezo ya kazi ya shirika zima.

Pwani ya Kenya ina aina 9 za miti ya mikoko, na kosa la kwanza la mgeni ni kuiona yote kuwa mti mmoja. Mlilana husimama mbele kabisa, ukitazama maji, na mizizi yake ya kupumulia huchomoza topeni kama vidole. Nyuma yake huja mkoko wenyewe na ile mizizi yake inayojipinda kama miguu ya kaa, kisha muia na mkandaa, na huko nyuma ambako jua hukausha tope na chumvi ikabaki juu kama unga, mchu huweza kustahimili. Kila mti umechagua idadi ya saa ambazo unaweza kufunikwa na maji kwa siku, na hauko tayari kujadiliana. Tatizo ni kwamba binadamu huchagua mti kwa urahisi wa kuupanda. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti mama, ikarefuka kama mkuki wa kijani, ikaanguka ikiwa mche tayari. Mtu yeyote, hata mtoto wa shule, anaweza kuiokota na kuichomeka topeni kisha akapigwa picha. Mlilana hautoi nafasi hiyo. Tunda lake lina mbegu nyingi ndogo, na huna budi kulichuma lilipoiva, kulilowesha hadi lioze, kuzitenga mbegu, na kuzilea kitaluni kwa miezi kabla ya kuzipeleka mahali ambapo wimbi la kwanza linaweza kuzichukua. Ndiyo maana mahali pengi palipopandwa utakuta mkoko umepandwa hadi kwenye makao ya mlilana.

Hapa sina budi kukiri jambo langu mwenyewe. Mwaka wangu wa pili, kampuni moja ambayo sitaitaja ilifadhili siku ya kupanda. Walikuja na mabasi, fulana, maji ya chupa, na kamera ile inayoruka. Walitaka uwanda wa tope ulio wazi mbele ya miti, kwa sababu huko watu wote wangeonekana katika picha moja. Ma'mkubwa aliwaambia kwa adabu kwamba pale maji hukaa saa nyingi mno, na kwamba kama kuna mti utakaokubali basi ni mlilana tu, na hata huo si kwa hakika. Kiongozi wa ule msafara alimsikiliza huku akitabasamu, kama mtu anavyomsikiliza shangazi wa harusi. Tukapanda mkoko. Nami nilikuwepo, tope hadi magotini, nikiimba pamoja na wenzangu, na nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi.

Baada ya miezi mitatu vijigamba vilikuwa vimezivaa shina zote. Baada ya masika, mistari ile iliyonyooka ilikuwa imelala. Kisha ukafika wakati wa kuandika ripoti, na mwandishi wake nilikuwa mimi. Fomu ya mfadhili ilikuwa na nafasi moja tu, ya idadi ya miche iliyopandwa, nami nikaijaza nafasi hiyo kwa usahihi kamili wa kihasibu. Ma'mkubwa aliniomba nimsomee ripoti kwa sauti. Nilipomaliza hakusema neno. Alinyoosha mkono, akachukua daftari lake kutoka mezani kwangu, akaondoka nalo, na kwa wiki mbili alikuwa akinisalimu tu bila kuniuliza habari za watoto.

Tangu hapo kila ripoti ninayoipeleka huambatana na nakala ya ukurasa wake, mfadhili awe ameuomba au hakuuomba. Wengine hawausomi. Mmoja aliandika kuuliza "mtu-hasira" ni aina gani ya mdudu.

Kuna jambo la kalenda ambalo wafadhili hawalijui, na ambalo limenifanya nipange upya maisha yangu. Huwezi kwenda kuhesabu miche siku yoyote uipendayo. Maji mafu yakiwa yanatembea, bahari haijai sana wala haikupwi sana, na miche ya mbele hubaki imefunikwa. Lazima usubiri bamvua, siku zinazofuata mwezi mwandamo na zinazofuata mwezi mpevu, na hapa Mombasa siku hizo maji hukupwa kabisa yapata saa nne asubuhi, yakaacha wazi tope ambalo wiki iliyopita lilikuwa chini ya maji. Ma'mkubwa huandika tarehe zake kwa miezi ya Kiislamu: tarehe mbili Mfunguo Tatu, tarehe kumi na sita Mfunguo Sita. Mwanzoni nilidhani ni uchamungu, na nilikuwa nikizigeuza zote ziwe za kalenda ya ofisi. Baadaye nilitambua kwamba tarehe yake peke yake humweleza maji yalikuwa wapi asubuhi ile, ilhali yangu haimwelezi mtu chochote isipokuwa kama mishahara imelipwa. Robo mwaka ya mfadhili huisha tarehe 31 Machi hata kama siku hiyo ni ya maji mafu. Tumewahi kuomba tuongezewe siku tano kwa sababu ya mwezi, na barua ile ilinipa taabu kuiandika kuliko barua yoyote niliyowahi kuiandika kwa forodha.

Kumfikisha Ma'mkubwa kwenye viwanja vyake ni kazi ya nahodha wetu, mtu wa maneno machache ambaye ujana wake wote alikuwa mkata magogo ndani ya mikoko hii hii. Hafichi. Ukimwonyesha kisiki atakwambia mti ule ulikatwa kwa ajili gani, fito, pau, mazio, boriti au nguzo, na mara nyingi atakwambia pia kama aliyekata alikuwa mzoefu au mwenye njaa tu. Kuna asubuhi ambazo tukiona moshi unapanda katikati ya miti yeye huuzima mtambo wa mashua, akatazama kidogo, akasema, "Leo huko tusiende." Moshi ule ni wa chang'aa. Wapikaji wameuchagua msitu wa bahari kwa sababu kuni zipo, maji yapo, na askari hapendi tope. Nimewahi kubishana naye kwamba kunyamaza kwetu ni kushiriki. Alinijibu kwamba wale ni watu anaowajua, kwamba wawili kati yao wameacha na sasa hutukodishia mashua, na kwamba mtu aliyekimbizwa na askari hurudi na shoka kubwa zaidi. "Mwenda tezi na omo," alisema, "marejeo ni ngamani." Sikuridhika na jibu lake wakati huo, wala sijaridhika kikamilifu hadi leo, lakini visiki vipya katika upande anaoutunza yeye ni vichache kuliko upande wa pili, na hilo limo daftarini.

Siku aliyofurahi kuliko zote nilizomwona ilikuwa mwaka 2022, daraja la Makupa lilipofunguliwa. Tangu 1929 barabara ya kuingilia kisiwani upande ule ilipita juu ya tuta lililozuia mkondo, kwa hiyo maji ya Tudor na maji ya Port Reitz yalikaa kama jamaa wa nyumba moja waliotengwa na ukuta, huku taka za Kibarani zikilundikana ukingoni. Tuta lilipoondolewa na magari yakaanza kupita juu ya daraja, nahodha alipita chini yake, akarudi, akapita tena. Alikuwa akicheka peke yake.

Kijana anayepima maji hukutana na nahodha mara chache kwa sababu kila mwezi yeye hupanda juu, hadi Rabai, akifuata Kombeni katika vituo ambavyo havibadiliki: penye daraja, penye kivuko cha ng'ombe, penye machimbo, na kadhalika hadi mto unapoanza kuonja chumvi. Ana bomba la plastiki lenye alama ya msalaba chini. Hulijaza maji kidogo kidogo akichungulia kutoka juu hadi msalaba upotee, kisha husoma urefu wa maji. Wakati wa kiangazi msalaba huonekana bomba likiwa limejaa, na baada ya mvua kubwa hupotea maji yakiwa vidole viwili tu. Hugeuza mawe pia, akitafuta viluwiluwi vya kereng'ende na wadudu wengine wanaohitaji maji yenye hewa. Akikuta vijiminyoo vyekundu pekee, hufunga daftari lake bila kuzungumza na mtu.

Mimi humfahamu zaidi kwa ajili ya barafu. Sampuli za kutafuta vijidudu vya choo lazima zifike maabara upesi zikiwa baridi, na barafu hiyo huinunua njiani kwa mama anayeuza sharubati, ambaye hatoi stakabadhi kwa sababu hajawahi kuombwa stakabadhi maishani mwake. Mkaguzi wa hesabu aliniuliza mara tatu kwa maandishi kwa nini shirika la mito linanunua barafu. Tulisuluhisha kwa kumchapishia yule mama kitabu cha stakabadhi chenye jina la biashara yake, na tangu siku hiyo ameanza kudai kodi ya heshima: kijana hawezi kununua barafu bila kukaa kwanza na kunywa glasi ya ukwaju.

Nimefikia watu wa juu, ambako ndiko hasa mambo yetu huamuliwa. Mwaka 1997 na 1998, mvua za El Niño zilipoikumba pwani, maji yaliteremsha udongo wa vilimani hadi mahorini, na kule Mwache mikoko mingi ilikufa ikiwa imesimama, kwa sababu mizizi yake ya kupumulia ilifukiwa. Hakuna aliyeikata, na hakuna upanzi wowote wa fulana ungeweza kuizuia isife. Kilichoiua kilitoka mashambani, mahali ambapo watu hawajawahi kuuona mlilana na hawana sababu ya kuuonea uchungu. Wenzetu wa Rabai wamehifadhi kaya, misitu yao mitakatifu, kwa karne nyingi, na mwaka 2008 misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Penye kaya udongo umetulia. Nje ya kaya kuna mahindi kwenye miteremko, na kuna mchanga.

Mhamasishaji wetu ni Mrabai, na mkutano wa kwanza nilioandamana naye ulikuwa baraza ya chifu chini ya mwembe. Alikuwa amebeba kamba ya mita 30 yenye fundo kwenye mita ya 6, kwa sababu kanuni za serikali za mwaka 2006 zilitaka ukingo wa mto uachwe kati ya mita 6 na mita 30 kutoka pale mafuriko yalipowahi kufika juu kabisa, na yeye ameshajua kwamba mtu akisomewa kanuni husinzia, lakini akinyooshewa kamba hadi katikati ya shamba lake huamka. Siku hiyo kamba haikufunguliwa. Kabla hajamaliza salamu, mwanamume mmoja mchimba mchanga alisimama na kusema kwa Kiswahili, bila shaka ili mimi nisikose kuelewa: "Mnakuja kutuambia tuache mchanga ili kaa wa Mombasa wapate kupumua. Lori moja la mchanga ndiyo karo ya mwanangu. Huyo kaa atamlipia?"

Nilitazama chini. Nilijua bei ya nyumba zinazojengwa Bombolulu na Mtwapa, na nilijua mchanga huo unakwenda wapi. Duka lililo chini ya ofisi yetu huuza saruji ya kuuchanganya. Mhamasishaji alinyamaza kwa muda mrefu hadi nikadhani ameshindwa. Kisha hakumjibu yule mwanamume. Aliwageukia akina mama waliokaa pembeni juu ya leso zao, akawauliza kwa Kirabai siku hizi wanachimba kina gani kupata maji mtoni wakati wa kiangazi.

Mto wa msimu huficha maji yake ndani ya mchanga. Juu hukauka, lakini chini mchanga huyashika kama sifongo, na akina mama wa vijiji vile wamekuwa wakichimba vishimo kwa mikono na kuteka kwa kata tangu enzi za bibi zao. Mmoja wao alisimama na kuonyesha kiwiko chake: zamani ilikuwa hapa. Kisha akanyoosha mkono juu ya kichwa chake: sasa ni hapa, na mtoto wa jirani amewahi kufukiwa hadi kiunoni. Mchanga unapoondoka maji hukosa pa kukaa, na kingo zinapokosa mchanga wa kuegemea hubomoka, na udongo huo ndio unaotufikia sisi. Mkutano uliendelea hadi adhuhuri, tena kwa Kirabai kitupu, nami sikuhitaji mkalimani kuelewa kwamba mjadala umehama kutoka kwa kaa.

Sitaki kumpa msomaji picha ya ushindi. Kilichokubaliwa siku ile ni kipande kimoja cha mto, kutoka kivukoni hadi kwenye mti fulani mkubwa wa mkwaju, ambacho hakitachimbwa kwa sababu ndipo penye visima vya akina mama. Juu na chini ya kipande hicho malori huendelea kuja usiku. Yule mwanamume wa karo bado huchimba. Mhamasishaji hurudi kila mwezi, hukaa naye, huuliza habari za mtoto, ambaye sasa yuko kidato cha tatu, na wala hakumbushi habari za mchanga isipokuwa yeye mwenyewe akianza.

Nauli ya kwenda huko ni matatu hadi Mazeras, kisha bodaboda. Ni fedha kidogo, na ndizo ngumu kuliko zote kuzipata. Mfadhili hukubali kwa urahisi kulipia mkutano, kwa kuwa mkutano una orodha ya waliohudhuria na saini zao. Kikao cha watu wawili juu ya jiwe hakina orodha. Vivyo hivyo kupanda kuna bajeti, ilhali kurudi kuhesabu hakuna. Sheria nayo imetuongezea karatasi: ile ya Mashirika ya Manufaa kwa Umma iliyopitishwa mwaka 2013 ilianza kutumika tarehe 14 Mei 2024, baada ya miaka 11 ya kusubiri, nami nilitumia wiki kadhaa nikikusanya vyeti na kumbukumbu za mikutano ya zamani, baadhi zikiwa zimeandikwa nyuma ya kalenda za duka. Silalamiki sana, kwa kuwa shirika lisiloweza kueleza fedha zake halistahili kuwaeleza watu wengine habari za mchanga wao. Ila katika wiki hizo daftari la Ma'mkubwa lilibaki mezani kwangu likinitazama, na bamvua mbili zikapita.

Mwezi uliopita niliandaa bajeti ya andiko jipya la kuomba ufadhili. Mkurugenzi aliniachia niipange nitakavyo, na kwa mara ya kwanza niliweka kurudi mbele ya kupanda: mashua na nahodha, mara mbili kwa mwezi kwa miezi 36; nauli ya Mazeras na Rabai, kila mwezi; barafu, pamoja na stakabadhi. Miche niliiweka mwisho, michache, na mingi kati yake ni mililana. Katika nafasi ya maelezo nilibandika picha ya ukurasa ule wa uwanda wa tope, wenye safu nzima iliyojaa neno "gamba" kutoka juu hadi chini, na nikaandika kwamba ripoti ya mradi ule niliiandika mimi.

Jibu lao la kwanza limefika juzi, la mstari mmoja. Wanauliza kwa nini gharama za ufuatiliaji zimezidi gharama za utekelezaji. Nimemwonyesha Ma'mkubwa, naye ameliangalia kidogo, akanirudishia simu yangu, akasema bamvua inaangukia Alhamisi, na kwamba nisisahau kuja na kalamu ya risasi, kwa maana wino wangu huyeyuka.